Taa Moja ya Korido, Swichi Tatu

Wadogo zangu wa kazi,

Juzi mmoja wenu alinipigia simu akiwa juu ya ngazi, maana nilimsikia anavyohema. Akaniuliza: "Shikamoo mama Saumu. Taa moja ya korido, mteja anataka aiwashe na kuizima mahali patatu. Natoza vipi?" Nikamwambia ashuke kwanza. Mtu haulizi bei akiwa juu ya ngazi, jibu laweza kumwangusha. Kisha nikamwahidi kwamba nitaandika, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wengine mnaoulizana jambo hilo hilo kila mara kwenye simu zenu na kujibiana kwa bei zisizofanana hata kidogo.

Sasa muda ninao. Ngazi nimeigawa, plaisi nimezigawa, tindo nimebaki nayo kwa sababu inafaa kuvunjia makaa. Asubuhi nakaa barazani kwangu hapa Lushoto, ukungu unapanda kutoka bondeni, unaingia kwenye miti ya miwati, unameza paa la jirani, kisha unafika kwangu na kutulia. Mtu akistaafu anaanza kuona mambo kwa namna yake. Nikipita mjini kuta sizioni sana; naona nyaya zangu zilivyolala ndani yake, zinapinda kona, zinapanda darini, zinashuka polepole hadi kwenye swichi. Ziko nyumba ambazo majina ya wenyewe yamenitoka kabisa, lakini boksi la nyaya lilipo chini ya plasta nalijua. Mara nyingine nasinzia na kikombe mkononi, nikajikuta niko kwenye korido fulani ya zamani, napapasa ukuta kutafuta swichi, wala sina haraka ya kuipata.

Bei mtaipata. Lakini mvumilie, mimi ni mtu wa kupitisha waya kwa njia ndefu kama njia fupi haina usalama.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa kazini na Fundi Rajabu, aliyenilea katika kazi hii. Alikuwa mtu mfupi, mpole, testa yake ya kupimia umeme ameifunga uzi na kuivaa shingoni. Tulifika kwenye nyumba ya mzee mmoja mwenye duka. Mzee akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu, akamwuliza Rajabu, "Huyu binti umekuja naye akupikie?"

"Hapana, mzee," Rajabu akajibu. "Mimi ndiye nimekuja kumshikia ngazi."

Na kweli aliishika siku nzima. Mimi nilipanda na kushuka, yeye chini ananiambia kwa sauti ndogo wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza. Jioni mzee mwenye duka akatuletea chai na mihogo, akanipa mimi kikombe kwanza. Radhi sikumdai.

Rajabu alinifundisha nisiamini rangi. Mafundi wa wakati ule walitumia waya uliokuwepo, na kama uliokuwepo ni mwekundu, nyumba nzima ilikuwa nyekundu. Tena huku kwetu mwezi wa saba ukungu unaingia hata darini, ukilala kifudifudi juu ya mbao huoni kiganja chako. Kwa hiyo yeye kila waya mkuu, ule unaoingia au kutoka kwenye swichi kwa ajili ya taa, aliufunga fundo dogo mwishoni kabla ya kuuvuta kwenye paipu. "Macho huku milimani ni pambo tu," aliniambia. "Kidole kikigusa fundo hakidanganyiki." Nimefunga mafundo hayo maisha yangu yote ya kazi. Binti yangu hunicheka kwamba hata mfuko wa sukari naufunga hivyo.

Swichi ya njia mbili niliiona kwa mara ya kwanza kwenye nyumba ya wageni iliyoko njia ya kwenda Irente. Ilikuwa na ngazi ya mbao inayolia ukiikanyaga, na mwenye nyumba alitaka mgeni awashe taa chini na kuizima akifika juu. Rajabu akakaa kwenye kidato cha katikati, akanikalisha, akanieleza. Swichi ya kawaida ni mlango, umefunguliwa au umefungwa. Swichi ya njia mbili ni mtu aliyesimama njiapanda: akiacha barabara hii anashika ile. Weka watu wawili, kila mmoja na njiapanda yake, na barabara mbili kati yao. Wakishika barabara moja, taa inawaka. Mmoja akihama, inazimika. Ukitaka na mtu wa tatu, unamweka katikati, kazi yake ni kubadilishanisha barabara zenyewe, hii iwe ile na ile iwe hii.

Nilielewa nusu. Nusu nyingine niliielewa taa ilipowaka. Ukungu ulikuwa umeingia kwa mlango wa mbele, umejaa hadi nusu ya ngazi, na ule mwanga ukashuka ndani yake ukawa wa manjano mzito, mtu ungedhani unaweza kuuchota. Nilipanda nikazima, nikashuka nikawasha, nikapanda tena. Rajabu aliniacha. Mwenye nyumba yeye alikuwa na dukuduku: mbona swichi yake imetazama juu na taa inawaka? Alijua swichi ikitazama juu ni kuzima. Tukamweleza kwamba kwa taa hii hakuna juu wala chini, anayeamua ni yule aliyebonyeza mwisho. Akasema hilo halina tofauti na nyumba yake ilivyo.

Haya, gharama. Taa yenye swichi moja inahitaji waya wa kwenda na wa kurudi, basi. Ukiweka swichi ya pili, kati ya swichi na swichi lazima zipite nyaya mbili. Ukiweka ya tatu, zinapita mbili nyingine kutoka pale katikati. Swichi za njia mbili zinazizidi bei kidogo tu zile za kawaida, hazimtoi mtu jasho. Ile ya katikati ndiyo yenye maringo. Ina bei yake peke yake, na maduka yetu ya huku juu mara nyingi hayanayo, unaongeza nauli ya kuiagiza Tanga. Lakini hayo yote ni mchuzi. Ugali wenyewe ni ukuta.

Nyumba ikiwa haijapigwa plasta, swichi tatu ni jambo la kuzungumza mkinywa chai. Ikishapigwa plasta na rangi, utapasua, utapitisha paipu, utamwita mwashi azibe, utamwita fundi wa rangi, na rangi ile ya zamani dukani haipo tena, basi mteja anapaka korido yote. Akimaliza, mke wake anaitazama sebule anaona nayo imechakaa. Nimewahi kuona taa moja ikapaka nyumba nzima. Kwa hiyo ukiulizwa bei, usijibu. Gonga ukuta kwanza, usikilize. Halafu uliza nani anapita hapo, anatoka wapi, anakwenda wapi, na kwa nini hawezi kutembea hadi kwenye swichi iliyopo. Swali hili la mwisho mafundi wengi huliruka, na mimi nililiruka miaka mingi, kwa kuwa nilidhani jibu ni uvivu.

Aliyenifundisha kuliuliza ni Zakaria.

Zakaria alikuwa mkulima wa chai karibu na Mponde, mtu mrefu anayeinama hata mahali pasipo na mlango. Mke wake Naomi alikuwa amefariki, amemwachia watoto wawili wa shule ya msingi. Mama mzazi wa marehemu, ambaye kila mtu alimwita Mama Naomi, alihamia pale binti yake alipoanza kuugua, akabaki kulea wajukuu. Nyumba ilikuwa kama nyumba zetu nyingi za mteremkoni, imejengwa kwa vipande: chumba mwaka ule, chumba mwaka huu, kila kimoja kimeshuka kidogo kufuata kilima, na korido ndefu imeviunganisha kwa vidato. Chumba cha Zakaria kilikuwa mwisho wa juu. Mlango wa jikoni ulikuwa katikati. Chumba cha Mama Naomi kilikuwa mwisho wa chini, karibu na stoo. Taa ilikuwa moja, na swichi moja, nayo ilikuwa mlangoni pa Zakaria.

Baadhi yenu mmekulia mjini, kwa hiyo nieleze. Katika ukoo wao mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawasemezani ana kwa ana, na hawapishani kwenye njia nyembamba. Naomi alipokuwa hai, maneno ya huyu na yule yalipita kwake. Alipoondoka, yalipita kwa watoto. Watoto wakiwa shule, maneno yalingoja mpaka warudi.

Sasa mwezi wa saba, ukungu ukikaa Mponde, korido ile ilikuwa giza hata mchana. Mama Naomi hakuweza kwenda kuwasha taa, kwa sababu swichi ilikuwa mlangoni pa mkwe. Alitembea gizani, mkono ukutani. Zakaria kabla ya kutoka chumbani alikohoa, na mama akisikia kikohozi alirudi nyuma haraka akaingia stoo, akasimama kati ya magunia mpaka mkwe apite. Siku moja alirudi nyuma akakosa kidato. Akaanguka, akateguka mkono. Zakaria alimsikia akiugulia, akabaki amesimama kule juu asijue afanyeje, maana kumwinua hawezi. Akatoka mbio kwa mlango wa mbele kwenda kumwita jirani mwanamke.

Alinisimulia hayo akiwa anatazama viatu vyake. "Nataka asitembee gizani, dada fundi," akasema. "Basi."

Nikagonga ukuta. Ulikuwa wa mawe na udongo, plasta nene, ukuta wa kumchosha fundi na mfuko wa mwenyewe. Nikamwambia kwamba taa yake inataka swichi tatu: mlangoni pake, mlangoni pa jikoni, na mlangoni pa mama. Atakayetaka kupita awashe kwanza. Mwenzake akiona mwanga chini ya mlango, atulie ndani mpaka uzimwe. Hakuna kukohoa, hakuna kukimbilia stoo. Nikamwambia pia tusipasue ukuta, tupitishe paipu juu yake, ataona paipu lakini ataokoa pesa. Nikamtajia bei.

"Hiyo ni bei ya mbuzi," akasema.

"Ya mbuzi dume," nikamjibu. Kupunguza maneno ni rahisi, kupunguza waya ni hatari.

Akasema atafikiri. Lakini kabla hajafikiri, baba yake mdogo, Mzee Yona, alimfikiria yeye. Mzee Yona ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, mtu wa kanisani, mwenye sauti ya kutangaza hata anapoomba chumvi. Akasema mambo haya yana dawa yake ya siku zote. Mkwe anapeleka mbuzi kwa mama mkwe, anachinjwa, wanakula pamoja, na kuanzia siku hiyo mwiko umefunguliwa. Wataamkiana, watasemezana, watapishana koridoni kama watu. Mbuzi unamla, swichi huli. Zakaria akakubali. Akanunua globu moja na kunipigia simu niende nikaiweke tu karibu na vidato, swichi ibaki ile ile.

Nilifika asubuhi, mbuzi amefungwa kwenye mti wa matunda ya plamsi, mweupe, ndevu ndefu, anatafuna mkia wa kamba yake. Nilipoweka boksi langu la nyaya chini akaanza na boksi. Watoto walikuwa shule. Nikapitia jikoni kumwamkia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia huku."

Akanipeleka chumbani kwake. Kitandani kulikuwa na begi limefungwa, na juu yake mkeka umekunjwa. Mkono wake mmoja bado ulikuwa na bandeji. Akaniambia kwamba kaka yake anakuja Jumamosi kumchukua, anakwenda kuishi kwake Bungu. Niliuliza kama mgonjwa ni yeye au kaka.

"Hakuna mgonjwa," akasema. "Umemwona mbuzi?"

"Nimemwona, mama. Anakula boksi langu."

Hakucheka. "Wewe una mkwe?"

"Ninaye, yuko Korogwe. Hunipigia simu."

"Mimi wangu sijawahi kumwona usoni. Nakijua kikohozi chake. Nawajua watoto wake. Alivyomtunza mwanangu alipougua, nilikuwa nasikia nyuma ya mlango, usiku na mchana." Akakaa kitandani, kando ya begi. "Huyu mbuzi akichinjwa, kesho tutaamkiana kama majirani. Na kama sisi ni majirani, Naomi yuko wapi? Adabu hii tunayowekeana ndiyo ndoa ya mwanangu iliyobaki. Wakiifungua, atakuwa amekufa kabisa. Heri niende Bungu, nizeeke huku mkwe wangu bado ni mkwe wangu."

"Na wajukuu, mama?"

Akavuta pindo la kanga, akalishika kwa muda mrefu. Ukungu ulikuwa dirishani, hauingii wala hauondoki. "Hilo usiniulize," akasema.

Nimepasua kuta nyingi na kuona yaliyomo, panya, siafu, mara moja hata kopo la akiba ya mtu, lakini sijawahi kuona ndoa imelindwa namna ile, na mtu ambaye si mwenye ndoa. Nikamwuliza nimwambie mkwe? Akasema, "Watoto wako shule. Nani mwingine yupo wa kumwambia?"

Nikapanda korido, kidato kwa kidato, nikamkuta Zakaria nje na Mzee Yona, wananoa kisu. Nikasema maneno yote kama nilivyopewa, sikuongeza wala kupunguza. Zakaria hakuwa anajua habari ya begi. Akakiweka kisu chini.

Mzee Yona akasema, "Mambo ya wanawake haya. Mbuzi ameshanunuliwa. Mila ni mbuzi."

"Baba mdogo," Zakaria akasema, kwa heshima kabisa, macho chini, "mbuzi ni wa watu waliochoka na adabu. Mama hajachoka." Akavuta pumzi. "Na mimi sijachoka."

Mzee Yona alitangaza maneno mengine kadhaa, mengi yakimhusu Mungu, kisha akaondoka. Mbuzi aliuzwa siku ya soko. Kijana aliyemnunua alilalamika kwamba kamba imetafunwa. Pesa zile zikageuka nyaya, paipu, klipu, swichi mbili za njia mbili, na ile ya katikati niliyoiagiza Tanga ikaja na dereva wa basi dogo, imefungwa gazeti. Ilifika Alhamisi. Mama Naomi hakuwa amefungua begi. Nilipomwuliza alisema, "Nitaona kwanza," na kaka yake alikuwa bado anakuja Jumamosi.

Ijumaa nilifanya kazi peke yangu. Sikumbuki kazi nyingine niliyoifanya taratibu vile. Paipu ilipita juu ya ukuta, karibu na dari, imenyooka, kila klipu na mwenziwe umbali ule ule, kwa sababu kama kitu kitaonekana, basi kionekane kimekusudiwa. Waya uliopatikana kwa bei ile ulikuwa wa rangi moja, mwekundu. Nikafunga mafundo yangu. Nje hakukuwa na nje, ni weupe tu, na sauti za wachuma chai zilikuja kutoka ndani ya weupe huo, wanaitana Kishambaa, mara karibu mara mbali, nikawa nasikia kama nimelala na watu wanaongea chumba cha pili. Pale pale juu ya ngazi nilimfikiria Naomi, ambaye sikuwahi kumjua, akipita korido hii na maneno ya mama kwenda kwa mume, ya mume kwenda kwa mama, siku baada ya siku. Nilikuwa naweka nyaya mahali alipokuwa anapita yeye.

Nilipowasha mara ya kwanza, taa ilitii swichi ya juu na kukataa ya chini. Msishtuke mkikutana na hilo. Pale mwisho wa chini waya mkuu ulikuwa umekaa kwenye tundu la mojawapo ya zile nyaya mbili zinazosafiri kati ya swichi na swichi. Nilizima umeme kwenye maini swichi, ile kubwa ya nyumba nzima, nikafungua, nikapapasa nyaya tatu gizani, kidole kikaliona fundo. Nikalihamisha mahali pake. Ndiyo maana nawaambia mfunge mafundo.

Mnamo saa kumi nikamweka kila mtu mahali pake. Zakaria mlangoni pake kule juu, ametazama ukuta. Mama Naomi mlangoni pake kule chini, kanga imefunika nusu ya uso. Mimi katikati, mgongo kwenye mlango wa jikoni. Korido ilikuwa giza, na ukungu ulikuwa umetufuata ndani.

"Mama, bonyeza," nikasema.

Taa ikawaka. Mama Naomi akarudi nyuma hatua moja, akatazama juu.

"Zakaria, zima."

Ikazimika. Nikabonyeza ya kwangu, ikawaka, nikazima. Nikafungua mdomo niseme jaribio limekwisha, lakini taa ikawaka kabla sijasema. Ilikuwa ni mama. Tukasubiri. Kule juu Zakaria akaizima, polepole. Mama akaiwasha. Zakaria akaizima. Hakuna aliyemtazama mwenziwe, na mimi pale katikati nilikuwa nawaka na kuzimika pamoja na korido. Halafu nikasikia mama anacheka, kicheko kidogo cha puani, na kule juu mtu yule mrefu aliyeinama akajibu kwa kicheko chake. Ndivyo walivyokuwa wanaamkiana, baada ya miaka yote ile, na hakuna mwiko uliovunjika.

Kisha taa ikawaka kutoka juu na ikakaa hivyo. Mama Naomi alielewa kabla yangu. Akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Zakaria akashuka korido, bila kukohoa, akanipita, akaingia jikoni, nikasikia anakunywa maji. Akatoka, akapanda, akafika kwake, akazima. Giza likarudi. Mlango wa chini ukafunguliwa.

"Fundi," Mama Naomi akaita, kwa sauti ambayo hata wachuma chai waliisikia, "watoto hawajarudi shule. Mwambie mkwe wangu anunue mbegu za maharage mapema. Lile shamba la Naomi la bondeni, mvua za vuli nitalilima mwenyewe. Na kaka yangu akija kesho, apikiwe, ale, arudi zake."

Nikapanda korido. Zakaria alikuwa amesimama pale pale, uso umeegemea ukuta, mabega yanatikisika. Alikuwa amesikia kila neno. Nikayarudia yote hata hivyo, mbegu, shamba, vuli, kaka, neno kwa neno, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Akajifuta kwa kiganja.

"Mwambie mama nimesikia," akasema.

Nikashuka nikamwambia amesikia.